Mkufunzi wa Akili Unde Amefika Nairobi. Grafu Zake Atazisoma Nani?

Tangu serikali izindue Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025–2030 mwezi Machi 2025, mjadala kuhusu mashine zinazofundisha umewagawa watu wa elimu hapa Nairobi katika kambi mbili. Kambi ya kwanza, ambayo utaikuta kwenye makongamano ya hoteli za Westlands na Upper Hill, inasema kila mtoto wa Kenya karibuni atakuwa na mwalimu wake binafsi ndani ya simu. Ya pili, yenye wafuasi wengi zaidi katika vyumba vya walimu, inaona mtego: leo mashine inasaidia kusahihisha, kesho inaambiwa ishike darasa, na mwalimu anayengoja kuajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) anaendelea kungoja. Kambi zote mbili zinatazama kitu kimoja, yaani mashine inayozungumza na mtoto, na kwa maoni yangu ndipo zinapopotea njia. Kitakachoamua kama mtoto wa Kayole atafaidika ni sehemu nyingine ya teknolojia hiyohiyo, ile inayochora. Kila swali analojibu mtoto huacha alama, alama hizo hukusanywa, na mwishowe hugeuzwa kuwa grafu, chati au dashibodi, yaani ukurasa mmoja wenye michoro kadhaa, ambayo mtu mzima fulani anatarajiwa kuitazama na kuchukua hatua. Mtu huyo ni nani, picha anayoonyeshwa imechorwaje, na ana uwezo gani wa kutenda baada ya kuiona? Maswali hayo yana uzito kuliko jina la programu itakayonunuliwa, na sijayasikia yakiulizwa.

Haraka iliyopo inaeleweka. Ripoti ya DataReportal ya katikati ya 2025 iliiweka Kenya ya kwanza duniani kwa sehemu ya watumiaji wa intaneti wanaotumia ChatGPT, zaidi ya asilimia 40. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo OpenAI iliongeza hali ya kujifunzia, ambapo programu humuuliza mwanafunzi maswali ya kumwongoza badala ya kumpa jibu, na siku chache baadaye Google ikafanya vivyo hivyo kwa Gemini. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi likaingia Gredi ya 10, huku serikali ikilenga asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Shule nyingi hazina maabara za kutosha wala walimu wa kutosha wa masomo hayo. Mwalimu mkuu aliye katika hali hiyo hahitaji kubembelezwa sana na muuzaji anayebisha hodi akiwa na kipakatalishi kilichojaa grafu za rangi.

Mambo haya si mageni kama wauzaji wanavyodai. Mfumo wa PLATO ulianza kufundisha kwa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960, Kenya ikiwa bado koloni. Katika miaka ya tisini Albert Corbett na John Anderson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitunga njia ya kukadiria kama mwanafunzi amelielewa jambo, na njia hiyo, pamoja na zilizozaliwa kutokana nayo, ingali ndani ya mifumo mingi ya aina hii. Nitaieleza kidogo kwa sababu grafu zote zinaanzia hapo. Mashine huanza na makisio: tuseme uwezekano kwamba mtoto fulani anajua kujumlisha sehemu ni asilimia 40. Kisha inazingatia jambo ambalo kila mwalimu analijua, kwamba asiyejua anaweza kubahatisha akapata, na anayejua anaweza kuteleza akakosa. Tuseme tena kwamba uwezekano wa kubahatisha ni asilimia 20 na wa kuteleza ni asilimia 10. Mtoto akijibu sahihi, basi katika kila watoto 100 wa aina yake, 36 watakuwa wamepata kwa sababu wanajua na 12 kwa kubahatisha. Wanaojua ni 36 kati ya 48 waliopata, kwa hiyo imani ya mashine kwamba anajua inapanda kutoka 40 hadi 75 kwa mia, kwa jibu moja tu. Akipata mara kadhaa zaidi, inavuka kizingiti ilichowekewa, mara nyingi asilimia 95, na kutangaza kwamba mada imeeleweka. Mstari umepanda, kijani kimewaka, twende mada inayofuata.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini imejengwa juu ya sharti ambalo kule Carnegie Mellon halikuhitaji hata kutajwa: akaunti moja ni mtoto mmoja. Njoo Mathare au Pipeline, kwenye nyumba ya chumba kimoja. Simu ni ya mama, mama anarudi saa moja jioni, na watoto watatu wanapokezana. Wa Gredi ya 8 anamfanyia wa Gredi ya 5 kwa sababu anataka amalize upesi apate zamu yake. Mashine inaona mwanafunzi mmoja anayepata maswali magumu na kukosa mepesi, na kwa kuwa haijui kitu kingine zaidi ya kubahatisha na kuteleza, inasukuma kila kitu ndani ya visanduku hivyo viwili. Kisha bando linaisha Jumanne usiku. Kwenye dashibodi ya mradi mstari unakatika, na mchambuzi aliye ofisini anaandika kwamba mwanafunzi amepoteza ari. Hapo hakuna aliyedanganya. Kila hatua ya hesabu ni sahihi, na picha iliyotoka inasema uongo juu ya watoto watatu kwa mpigo.

Hata pale data inapokuwa safi, mchoro wenyewe unaweza kuiharibu. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill, waliokuwa maabara za Bell, waliwapa watu kazi ya kulinganisha viwango katika michoro ya aina mbalimbali. Waligundua kwamba jicho hukadiria vizuri zaidi mahali pa nukta kwenye mizani moja, kisha urefu, kisha pembe, kisha eneo. Kukolea kwa rangi huja mwishomwisho. Sasa fungua dashibodi ya kawaida ya elimu: duara lililokatwa vipande, mishale ya spidi, ramani ya kaunti 47 iliyopakwa kijani, manjano na nyekundu. Karibu kila kilichomo kinategemea uwezo wa macho ulio dhaifu. Na wastani, ambao ndio roho ya ramani hizo, Francis Anscombe alishauumbua mwaka 1973 kwa seti nne za namba zenye wastani sawa na kipimo kilekile cha uhusiano, 0.816, ambazo zikichorwa hazifanani hata kidogo. Kaunti mbili zinaweza kupakwa rangi moja, moja ikiwa na watoto wanaosoma wote kwa kiasi, na nyingine nusu wanasoma kitabu kizima na nusu hawatambui herufi. Mkurugenzi wa elimu anayeona rangi moja atapeleka msaada wa aina moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Marekani. Kuanzia 2007 Chuo Kikuu cha Purdue kilikuwa na mfumo ulioitwa Course Signals. Ulichukua alama za mwanafunzi, bidii yake kwenye jukwaa la masomo na historia yake, ukakokotoa hatari ya kufeli, kisha ukamwonyesha taa moja: kijani, manjano au nyekundu. Watafiti wa chuo wakatangaza kwamba waliosoma kozi mbili au zaidi zenye taa hizo waliwazidi wenzao kwa zaidi ya asilimia 20 katika kubaki chuoni hadi kuhitimu, na vyuo vingine vikatamani kuiga. Mwaka 2013 Mike Caulfield akauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema: anayeacha chuo mwaka wa kwanza, hiyo kozi ya pili yenye taa ataisoma lini? Alfred Essa akaifanyia hoja hiyo uigaji wa kompyuta, akaonyesha kwamba ukiwagawia wanafunzi chokoleti ovyo madarasani badala ya taa, utapata matokeo yaleyale, kwa kuwa waliokusanya chokoleti nyingi ni haohao waliokaa muda mrefu. Mkazi wa Nairobi angewaambia hayo bila uigaji wowote. Taa za mzunguko wa Haile Selassie na Uhuru Highway huwaka nyekundu na kijani mchana kutwa, na madereva wote wamemtazama askari anayepunga mkono. Ukipima mwendo wa magari dhidi ya rangi ya taa hutakosa kupata uhusiano fulani, na utaweza kuuandikia ripoti yenye jalada zuri, lakini anayeyaruhusu magari kupita ni askari.

Wanasayansi wa kompyuta walipaswa kuwa wa kwanza kulijua hili, maana limewapata wao wenyewe. Kwa miaka mingi wahadhiri walitengeneza michoro inayotembea ya kuonyesha namna algoridhimu inavyopanga namba au kutafuta njia fupi, wakiamini kwamba mwanafunzi akiona ataelewa. Mwaka 2002 Christopher Hundhausen, Sarah Douglas na John Stasko walikusanya majaribio 24 ya michoro hiyo na kuyachambua kwa pamoja. Kilicholeta tofauti zaidi kilikuwa kile mwanafunzi alichokifanya na mchoro. Aliyetakiwa kutabiri hatua inayofuata, au kuingiza data yake mwenyewe, alifaidika. Aliyekaa akatazama hakupata la maana kumshinda aliyesoma kitabu. Kama ndivyo kwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayetazama algoridhimu, sioni kwa nini mwalimu mkuu anayetazama dashibodi awe tofauti.

Kuna kazi bora pia, na ni haki kuisema. Philip Guo alitoa Python Tutor mwaka 2010, programu inayomwonyesha anayejifunza kuandika kodi yaliyomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hatua kwa hatua, anavyoendesha mistari yake mwenyewe. Mwaka 2015 yeye, Elena Glassman na wenzao wakachapisha OverCode, ambayo huchukua maelfu ya majibu ya wanafunzi wa kozi ya mtandaoni na kuyapanga katika mafungu ya majibu yanayofanana, ili mwalimu aone kwa mtazamo mmoja njia ambazo wanafunzi wamezipitia, zikiwemo zile ambazo hakuwahi kuzifikiria. Ukiniuliza ni kipi kati ya vyote hivi kingemfaa mwalimu wa hisabati mwenye madaftari 70 ya kusahihisha, ningechagua kitu cha jamii ya OverCode bila kusitasita, kwa sababu kinamwonyesha kosa, wakati dashibodi nyingi zinamwonyesha mwenye kosa. Mwalimu mmoja wa Embakasi niliyemwonyesha dashibodi ya kawaida, yenye majina ya watoto na rangi zao, aliitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Sasa, ndugu yangu, hii inataka nifanye nini Jumatatu?" Majina ya watoto wanaofeli alikuwa nayo tayari kichwani. Asichokuwa nacho ni habari kwamba 40 kati yao wanajumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, wakidhani sehemu ni namba mbili zilizopandana.

Tuje sasa kwenye hoja za pande zote. Wapinzani husema mashine haina moyo, haimjui mtoto, haiwezi kufundisha. Wanaounga mkono hujibu kwa Benjamin Bloom, ambaye mwaka 1984 aliripoti kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mkufunzi wake binafsi aliwapita asilimia 98 ya wenzake wa darasa la kawaida. Takwimu hiyo imekuwa kama aya ya kukaririwa kwenye makongamano yetu, ingawa wanafunzi wa Bloom walikuwa pia wakipewa majaribio na marekebisho ya mara kwa mara, na tafiti nyingi zilizofuata hazikupata kitu kikubwa kiasi hicho. Kurt VanLehn alipozikusanya mwaka 2011, kwenye mizani ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani), ambayo Bloom alidai 2, binadamu anayemfundisha mtoto mmoja mmoja alipata 0.79. Mashine inayomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua ilipata 0.76. Namba hizo mbili zinawakera watu wa pande zote, na ndiyo maana nazipenda. Anayesema mashine haiwezi kufundisha hana budi kuijibu ile 0.76. Naye anayeahidi muujiza aeleze kwa nini binadamu mwenyewe hakuufikia.

Mifumo ya kizazi kipya imeongeza ushahidi unaoelekea kulekule. Huko Edo, Nigeria, katikati ya 2024, wanafunzi wa sekondari walitumia Microsoft Copilot baada ya masomo kwa wiki sita katika mradi uliochunguzwa na Benki ya Dunia, na matokeo yao yakapanda kwa karibu 0.3 kwenye mizani hiyohiyo. Hilo ni kubwa kwa wiki sita. Wanaoinukuu habari hii hapa Nairobi huacha kipande kimoja: walimu walikuwemo chumbani, wakiongoza kila kipindi. Uturuki kulifanyika jaribio lililohusisha karibu wanafunzi elfu moja wa hisabati. Waliopewa akili unde isiyo na kizuizi walifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi walipokuwa wakifanya mazoezi, kisha siku ya mtihani, mashine ikiwa imeondolewa, wakafanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa. Waliopewa ile iliyowekewa vidokezo vya walimu na kukatazwa kutoa jibu walipanda kwa asilimia 127 kwenye mazoezi na hawakuanguka kwenye mtihani, ingawa hawakuwashinda wenzao pia. Fikiria dashibodi ya kipindi cha mazoezi ingeonyesha nini. Makundi yote mawili ya mashine yangekuwa kijani, kijani cha kupendeza, na lile lililokuwa likidhoofika lisingetambulika hata kidogo.

Hoja dhaifu kuliko zote, lakini inayosikika zaidi kwa sababu ina sura ya huruma, ni ile inayosema kwamba kwa kuwa Kenya ina upungufu wa walimu, vifaa vitaziba pengo. Hoja hii ilishapimwa hapahapa nchini, na ajabu ni kwamba haitajwi. PRIMR, mradi wa kuboresha kusoma na hisabati katika shule za msingi, uliendesha jaribio Kisumu, ambapo mpango uleule wa kufundisha kusoma katika madarasa ya chini ulitolewa pamoja na teknolojia kwa njia tatu. Kundi moja la shule lilipata vifaa vya kusomea kwa ajili ya wanafunzi. La pili lilipata vishikwambi kwa ajili ya walimu. La tatu halikupata kifaa chochote darasani. Kishikwambi alipewa afisa anayezunguka shuleni kuwasaidia walimu, ambaye wakati huo aliitwa TAC tutor na sasa ni afisa wa usaidizi wa mtaala. Benjamin Piper na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2016. Makundi yote matatu yalizipita shule zilizoachwa kama zilivyo, na tofauti kati yao wenyewe haikuwa ya maana kitakwimu. Kwa gharama ndipo yalipoachana: kumpa afisa mmoja kishikwambi kulileta mafanikio mengi zaidi kwa kila shilingi kuliko kumpa kila mtoto kifaa. Wakati matokeo hayo yanachapishwa serikali ilikuwa inaanza kusambaza vishikwambi zaidi ya milioni moja kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Ni shule ngapi ambazo vifaa hivyo vilimalizia maisha kabatini, kila mzazi ana jibu lake.

Nasisitiza Kisumu kwa sababu matunda yake yalienda nchi nzima kupitia Tusome, mpango wa kitaifa wa kufundisha kusoma, kuanzia 2015. Afisa aliingia darasani na kishikwambi chenye programu ya Tangerine, akafuatilia somo, akajaza alichokiona, kisha akawasikiliza watoto watatu wakisoma na kuhesabu maneno yao kwa dakika. GPS ilirekodi alikokuwa, na nauli aliyorudishiwa ilitegemea ziara zilizothibitishwa hivyo, kwa hiyo kukaa nyumbani na kujaza fomu kukawa hakulipi. Takwimu zilipanda hadi kwenye dashibodi iliyoonyesha, kaunti kwa kaunti, ni sehemu gani ya madarasa imetembelewa na watoto wanasoma kwa kasi gani. Uzuri wa mpango huo ulikuwa kwamba kabla ya grafu kufika Nairobi, afisa alikuwa ameshakaa na mwalimu na kumwambia alichokiona. Watoto watatu ni wachache mno kwa mtakwimu, na msomi yeyote angeweza kulikejeli jedwali hilo. Lakini wanatosha kabisa kwa mazungumzo ya dakika kumi chini ya mti na mwalimu ambaye hajawahi kutembelewa mwaka mzima.

Mwalimu atanijibu hapa, na ana haki, kwamba namletea upelelezi. Hofu hiyo ina mizizi. Mchoro wa data uliopendwa kuliko yote katika historia ya elimu ya Kenya ni jedwali la shule bora katika magazeti, siku ya matokeo ya mitihani ya kitaifa. Sote tunajua lilichofanya. Shule ziliwarudisha wanafunzi dhaifu wasome darasa lilelile tena, nyingine zikawasajili katika kituo tofauti ili wasiharibu wastani, na asubuhi ya matokeo picha ikatoka safi. Wizara ilipopiga marufuku orodha hizo mwaka 2014 wengi walilalamika, na shule zikaendelea kuimba wastani wao kwenye mabango ya barabarani. Mkufunzi wa akili unde huzalisha jedwali la aina hiyo kila usiku, bila kungoja Desemba, na hulizalisha kwa darasa, kwa mwalimu na kwa mtoto. Nikiwa mwalimu wa mkataba anayejua kwamba kuongezewa muda kunategemea rangi ya darasa langu, nitawaambia watoto wabonyeze hadi kijani kiwake. Hilo si suala la maadili ya mwalimu. Mtu yeyote aliyeona kilichotokea kwenye vituo vya mitihani angelitabiri.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasaidia kidogo. Inataka idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kuchakatwa, na inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake. Si sheria ya kupamba rafu: mwaka 2023 shule moja jijini ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini sheria inamlinda mtoto dhidi ya matumizi mabaya ya data. Haina la kusema kuhusu grafu halali iliyosomwa vibaya.

Kwa watafiti wa Chiromo, Strathmore na kwingineko jijini, hapa pana kazi ya miaka mingi, na ni kazi ambayo hakuna wa ng'ambo atakayetufanyia. Nairobi si mji wa kufundishwa kuchora data. Ushahidi ilizaliwa hapa mwanzoni mwa 2008, ikichukua ripoti za SMS za machafuko na kuziweka kwenye ramani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu na kurekodi njia zaidi ya 130, na mwaka 2014 ikatoka ramani ya Digital Matatus, ya kwanza kuonyesha kwa pamoja kitu ambacho hadi hapo kilikaa vichwani mwa makanga. Kazi zote mbili zilifaulu kwa sababu zilianza na namna watu wa hapa wanavyoishi. Nani atatuandikia njia ya kukadiria maarifa inayokubali kwamba simu moja ina watoto watatu, na inayojaribu kutambua zamu imebadilika lini kutokana na kasi ya kujibu na aina ya makosa? Nani atachora mstari unaotofautisha bando kuisha na mtoto kuchoka? Na mzazi mwenye mulika mwizi, asiye na kioo cha kuonyesha grafu yoyote, apelekewe nini? Eneza Education, kampuni ya hapahapa, ilishathibitisha kupitia Shupavu 291 kwamba masomo yanaweza kupita kwa SMS. Kufupisha hali ya mtoto katika herufi 160 ili mama wa Dandora ajue cha kumuuliza mwalimu ni tatizo la kuwasilisha data lenye uzito uleule wa ramani yoyote ya rangi, na nadhani lina utafiti mchache zaidi kwa sababu halipendezi kwenye slaidi.

Kwa wanunuzi, yaani Wizara, kaunti na bodi za shule, matokeo ya haya yote ni ya kawaida kabisa na yanaweza kuandikwa kwenye zabuni. Muuzaji aonyeshe makosa yaliyopangwa kwa mafungu kabla ya kuonyesha majina yaliyopangwa kwa rangi. Aeleze akaunti yenye watumiaji wengi inachorwaje. Alete matokeo ya mtihani uliofanywa mashine ikiwa imezimwa. Grafu za darasa zibaki kwa mwalimu na afisa wa usaidizi wa mtaala, na zisiingie kwenye faili la kupandishwa cheo wala la kuongezewa mkataba. Jambo la mwisho linawahusu TSC zaidi kuliko muuzaji: mwalimu apewe angalau kipindi kimoja kwa wiki, kwenye ratiba, cha kuzitazama na kupanga somo upya. Katika shule yenye walimu pungufu kipindi hicho kinamaanisha mtu mwingine ashike darasa, na mtu huyo ana mshahara. Bei ya leseni kwa mwanafunzi inayotajwa kwenye yale makongamano ya Westlands haijumuishi mshahara huo, na ukiujumuisha, hesabu nzima ya kwamba mashine ni rahisi kuliko mwalimu inabidi ianzwe upya.